Kinanda kisicho na uzi

Zamani pwani waliposema kinanda, walikusudia ala ya nyuzi. Baadaye neno likahamia kwenye ala za vibao, kikiwemo kile cha kanisani kinachopulizwa kwa miguu. Je, Rhodes nayo ni kinanda?

Piano hii ya umeme, kazi ya Mmarekani Harold Rhodes, haina uzi hata mmoja. Ukibonyeza kibao, nyundo ndogo hupiga kijiti cha chuma cha pua. Sumaku iliyozungushiwa waya hunasa mtikisiko wake na kuupeleka kwenye amplifaya. Gusa taratibu, utasikia kengele ya mbali, laini, kama inalia chini ya maji. Kandamiza, sauti hukwaruza na kukoroma. Wanamuziki wa jazi Herbie Hancock na Chick Corea waliipiga piano ya umeme katika albamu In a Silent Way ya Miles Davis, mwaka 1969, na mpaka leo sijachoka kuisikiliza.

Mimi naiita kinanda bila kusita. Waingereza husema wanacheza piano. Sisi tunakipiga kinanda, na ndani ya Rhodes kuna nyundo inayopiga kweli.