Dereva na Karatasi ya Kosa

Leo twasoma habari ya sheria ya barabarani. Mwaka 1973 Bunge liliondoa sheria iliyoachwa na Waingereza, likatunga Sheria ya Usalama Barabarani. Dereva apakiaye dagaa Kirumba, Mwanza, akiandikiwa kosa na askari, ana njia mbili: kukubali kosa na kulipa faini, au kulikataa na kwenda mahakamani. Tena mwaka 1984 Katiba iliongezewa haki hizi: mshitakiwa asitendewe kama mkosaji mpaka kosa lithibitishwe, naye aweza kukata rufani. Basi wewe dereva, isome karatasi kwanza, ndipo uamue. Asiyejua kusoma huweza kulipia hata kosa asilolitenda.