Tulikotoka: Zamu ya Pombe
Ndugu wanachama, chama chetu hakikuanzia kwenye kisanduku, kilianzia jikoni. Zamani Umatengo watu waliitana kulima ngolo, mwenye shamba akawapikia pombe. Bei ya kahawa ilipoporomoka duniani mwaka 1989, fedha ikaadimika wilayani Mbinga. Hapa Litumbandyosi pombe ya mama zetu ndiyo ikawa ada na chumvi. Lakini kila mmoja alipika kivyake. Siku moja mapipa manne, wanywaji walewale, kesho kutwa yamechacha: kuni hasara, ulezi hasara. Basi wakapeana zamu. Huyu kaleta kimea, yule mahindi, mwingine kuni. Wanapika pamoja, fedha anachukua mwenye zamu. Aliyekula zamu yake hakukimbia. Uaminifu huo ndio tuliorithi miaka 10 iliyopita. Kidole kimoja hakivunji chawa.