Mbio za magari ya dukani: unafuu huanzia kwenye sheria

Vijana wa mjini wakianza kuzungumzia mbio za magari, haipiti dakika tano kabla mmoja hajasema: "Huo mchezo wa wenye nazo, bwana." Ukiangalia magari ya leo huwezi kumbishia. Lakini historia ina kichekesho chake. Mbio za magari zenye fedha nyingi kuliko zote Marekani, yaani NASCAR, zilianza kama mchezo wa mafundi wa gereji, wakulima na wabeba gongo. Naam, gongo! Sasa tujiulize: unafuu ule ulikwenda wapi? Na je, kuna aliyefanikiwa kuurudisha?

Turudi nyuma kidogo. Huko kusini mwa Marekani, pombe haramu ilisafirishwa usiku kwa magari yaliyoonekana ya kawaida kwa nje, huku ndani fundi ameshafanya vitu vyake ili polisi wasione hata vumbi. Madereva hao wakaanza kutambiana nani mkali, na mashindano yakazaliwa kwenye viwanja vya vumbi. Tatizo lilikuwa waandaaji. Kila mmoja alikuwa na sheria zake, na wengine walitoweka na fedha za zawadi kabla mbio hazijaisha.

Desemba 14, 1947, Bill France, fundi na dereva, aliwaita wenzake kwenye hoteli ya Streamline, Daytona Beach, Florida. Kikao hicho ndicho kilichozaa NASCAR, iliyosajiliwa Februari 1948. France hakuanza na wadhamini. Alianza na vitu vitatu: sheria moja kwa wote, zawadi inayolipwa kweli, na pointi zinazohesabiwa msimu mzima.

Juni 19, 1949 wakajaribu jambo jipya huko Charlotte, North Carolina: mbio za magari yaleyale unayoyaona barabarani, kama yalivyotoka dukani. Vita ilikuwa imesimamisha utengenezaji wa magari ya kiraia, na sasa magari mapya yalikuwa yamerudi. Watu walitaka kujua gari la jirani lina mbio kiasi gani. Magari 33 yakaingia. Lee Petty alikuja na Buick ya kuazima, akaipindua. Fikiria alivyokwenda kumweleza mwenye gari!

Aliyemaliza wa kwanza alikuwa Glenn Dunaway, akiendesha Ford ya 1947. Mkaguzi alipoinama kutazama chini ya gari akakuta springi za nyuma zimebadilishwa, mtindo wa wabeba gongo ili gari lisiyumbe likiwa na mzigo. Dunaway akaenguliwa. Ushindi ukaenda kwa Jim Roper wa Kansas, aliyekuwa na Lincoln. Mwenye Ford, Hubert Westmoreland, akaenda mahakamani kudai dola 10,000. Jaji akaitupa kesi.

Watu wengi husimulia kisa hiki kama kichekesho cha gongo. Kwangu mimi ndio msingi wa jengo zima. Kisa kile kilithibitisha kwamba mwandaaji ana haki ya kusema "hapana" kwa aliyeshinda, na mahakama ikamuacha asimamie sheria zake mwenyewe. Bila hapana ile, kila mwenye fedha angekuja na springi zake, na mwenye gari la kuazima angebaki mtazamaji.

Lakini hapana haikudumu. Kuanzia 1951, kampuni ya Hudson ilitamba na gari lake la Hornet. Ujanja wao? Vipuri maalumu viliingizwa kwenye orodha ya mauzo, hivyo kisheria vikawa "vya dukani". Viwanda vingine vikafuata njia hiyohiyo. Neno "dukani" likabaki kwenye karatasi, lakini gari lenyewe likaondoka. Kufika 1972, chini ya udhamini wa kampuni ya sigara, ratiba ya mashindano makuu ilipunguzwa kutoka mbio 48 hadi 31, na viwanja vidogo vya mikoani vikaachwa.

Tusisahau pia kuuliza: nafuu kwa nani? Mwaka 1952 waandaaji wa mbio za kanda zilizoitwa Dixie Circuit, washindani wa NASCAR, walitafuta dereva mweusi ili kuvuta watazamaji huko Danville, Virginia. Inasimuliwa kwamba waliwauliza polisi, nao wakamtaja Wendell Scott, dereva wa teksi na mbeba gongo waliyekuwa wamechoka kumfukuza. Scott alikuwa fundi wa gari lake mwenyewe. Desemba 1, 1963 alishinda Jacksonville, Florida, lakini ushindi akatangaziwa Buck Baker, mzungu. Saa kadhaa baadaye, umati ukiwa umeshaondoka, wakakiri kwamba mshindi ni Scott. Kombe hakupewa. Alifariki 1990, na NASCAR ikaikabidhi familia yake kombe mwaka 2021. Miaka 58! Kwa hiyo bei ya gari ikishuka haina maana kwamba mlango umefunguliwa kwa wote.

Je, kuna aliyeweza kulinda unafuu? Yupo, na alikuwa mtu wa magazeti. Keith Knaack alichapisha gazeti la mbio za magari huko Iowa. Mwaka 1979, katika kiwanja cha Vinton, alishiriki kuanzisha daraja jipya chini ya jina la zamani la IMCA. Silaha yake kubwa ilikuwa sheria ya kudai injini. Mbio zikiisha, mpinzani anaweza kusema: "Naitaka injini yako," kwa bei iliyopangwa tangu mwanzo. Ukikataa, unapoteza zawadi na pointi.

Umeona akili hiyo? Mkaguzi anaweza kudanganywa au kuhongwa. Lakini nani atatia mamilioni kwenye injini ambayo jirani anaweza kuichukua jioni kwa bei ya kutupa? Tamaa ya wapinzani ikawa ndiyo polisi. Daraja lile lilienea kwenye viwanja vya vumbi vya majimbo mengi, na linaendelea hadi leo.

Nasi Afrika Mashariki tuna cha kukumbuka. Mwaka 1953 Eric Cecil na wenzake walipoanzisha mbio zilizokuja kuitwa Safari Rally, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, magari yalitakiwa kuwa ya kawaida na yaligawanywa kwa bei yake dukani, si kwa ukubwa wa injini. Gari la bei ndogo lilishindana na wenzake wa bei ndogo. Waliokuwa na uwezo wa kununua gari lolote enzi hizo za mkoloni tunawajua, kwa hiyo swali la Wendell Scott linatuhusu hata sisi. Safari Rally ilipoirudia ratiba ya dunia mwaka 2021, baada ya kuondolewa mwishoni mwa 2002, yale madaraja ya bei yalikuwa historia.

Kwa hiyo siku kijana wa Arusha, Nakuru au Mbarara atakapotaka kuanzisha mbio za kanda za magari ya bei nafuu, nadhani asikimbilie kwanza kampuni ya simu au ya bia kuomba udhamini. Akae kwanza na kalamu. Nani atafungua boneti? Nani atathubutu kumwengua mtoto wa mheshimiwa? Injini inauzwa bei gani jioni ya mbio? Na nani bado yuko nje ya geti?

Majibu ya maswali hayo hayahitaji mdhamini. Yanahitaji watu wasioogopa kusema hapana. Tafakari, halafu nipe yako.