Mbegu za kibuyu na mbegu za kopo: historia ya bustani za Tunduma



Bi harusi wa kisiwani hufunzwa mengi na somo wake kabla ya kutolewa ndani. Hufunzwa udi, asumini, namna ya kumpokea mume, namna ya kuishi na mawifi. Sisi tulioolewa tukapandishwa bara mpaka Tunduma, mpakani na Zambia, hakuna somo aliyetuambia habari ya kuotesha mbegu. Na kwa nini atuambie? Unguja tungule unazipata sokoni, mchicha unapitishwa mlangoni kwa baiskeli, na kotmiri anakukatia jirani.

Huku mambo ni mengine. Kiwanja hakikosekani nyuma ya nyumba, hata kama ni chembamba, na mke asiye na hata tuta moja la mboga majirani humtazama kwa huruma. Basi tukaanza kupanda, na tukaanza vibaya.

Kosa la kwanza lilikuwa kalenda. Sisi tumezoea kuhesabu mwaka kwa kaskazi na kusi, masika na vuli. Tunduma iko juu mlimani na ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Juni na Julai ni baridi ya kuvalia sweta mchana. Nchi za kaskazini ya dunia wana majira ya kuchipua mwezi Machi, baada ya theluji. Majira ya kuchipua ya Tunduma ni Agosti, baridi inapolegea na jua kurudi, hali mvua bado iko mbali na visima vingali na maji. Sisi tulimwaga mbegu Juni tukakaa kungoja. Ardhi ilikuwa baridi kama sakafu ya alfajiri na hakikuota kitu.

Kosa la pili lilikuwa mbegu yenyewe. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumenunua miche ya tungule nzuri mno, kubwa, nyekundu, ngumu kama tufaha. Tukaona tusiitupe baraka, tukakausha mbegu zake. Mwaka huu tukazipanda Agosti kama tulivyoelekezwa, zikaota vizuri tu, lakini zilipozaa kila mche ulikuwa na lake. Mmoja ulizaa vitungule vidogo vya kupasuka, mwingine mrefu bila matunda, na mmoja tu ndio uliofanana na mama yake. Tulidhani tumerogwa! Bibi mmoja wa Kinyamwanga, jirani yetu, alikuja akatazama, akacheka taratibu. "Wanangu, hiyo ni mbegu ya kopo. Haina kwao." Akaenda ndani akatuletea kitambaa kilichofungwa fundo, ndani yake mbegu za mnavu, kunde na maboga.

Neno lake hilo ndilo lililotufanya tuitafute historia hii.

Kabla ya maduka ya pembejeo, mbegu katika nchi hizi za Wanyamwanga, Wanyiha na Wandali zilikaa jikoni. Kunde ziliwekwa ndani ya kibuyu pamoja na majivu, na kibuyu kikatundikwa juu ya meko ili moshi uwafukuze wadudu. Mnavu uliachwa miche michache ikomae, matunda meusi yakapondwa, mbegu zikaoshwa na kuanikwa. Nani alikuwa na mamlaka juu ya kibuyu? Mwanamke. Mume aliweza kuwa na ng'ombe na shoka, lakini chakula cha mwakani kilining'inia juu ya jiko la mkewe. Mboga nyingi za kibuyu hicho ni za Afrika hii hii: kunde, mnavu, mgagani, mlenda. Zilizoea udongo huu kabla hajatokea mtu wa kuzipa majina vitabuni.

Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani wakagawana. Wengi wetu visiwani tunaujua Mkataba wa Heligoland na Zanzibar wa tarehe 1 Julai 1890 kwa sababu ndio ulioziweka Unguja na Pemba chini ya himaya ya Uingereza. Hatukuwahi kufundishwa kwamba karatasi ile ile ndiyo iliyochora mpaka wa Tunduma. Mstari ulianzia mdomo wa Mto Songwe katika Ziwa Nyasa, ukapanda na mto, ukakatiza kuelekea Ziwa Tanganyika. Mwaka 1898 tume ya mataifa hayo mawili ikaja kuupima kwa miguu. Wanyamwanga wakajikuta wako pande mbili, na leo wengine ni Watanzania wa Momba na wengine ni Wazambia wa Nakonde na Isoka. Kwa hiyo kisiwa chetu na mji huu wa mbali viliingia katika mkataba mmoja, siku moja, na hakuna aliyeulizwa huku wala kule. Vibuyu havikuulizwa pia, na mbegu zimeendelea kuvuka mpaka katika mapindo ya vitenge mpaka leo.

Na maboga ya bibi je? Hapa tulishangaa. Maboga, mahindi na maharage asili yake ni Amerika, na tungule pia. Yalianza kuingia Afrika kwa njia ya bahari baada ya Wareno kutia nanga pwani yetu kuanzia 1498. Kutoka pwani yakapanda bara mkono kwa mkono, na misafara ya biashara nayo ikasaidia. Wazungu waliopita Tabora katika karne ya 19 waliwakuta Waarabu na Waswahili wana bustani zao za vitunguu, mbali kabisa na bahari. Kwa hiyo boga ambalo bibi analiita la asili lilikuwa mgeni kama sisi. Limekuwa la hapa kwa sababu kila mwaka kuna mwanamke aliyechagua boga zuri kuliko yote, akalipasua, akaanika mbegu, akazitunza. Fanya hivyo miaka mia na mgeni anakuwa mwenyeji.

Kabichi ndiyo iliyokuja na habari tofauti. Wamishionari Wamoravian kutoka Ujerumani walifungua kituo Mbozi mwaka 1899, na kama walivyozoea wenzao nyanda za juu, walitaka kula mboga za kwao. Kabichi na karoti hustawi sana katika baridi ya huku. Lakini mimea hii kwa kawaida hutoa maua mwaka wa pili, baada ya kupita baridi ndefu kama ya Ulaya, na katika nchi zetu mara nyingi hukataa kabisa. Kisichotoa maua hakitoi mbegu. Ukiila kabichi umeimaliza, na ukitaka nyingine lazima mbegu itoke ng'ambo, ndani ya pakiti au kopo. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza mwanamke wa huku alipokuwa na mboga ambayo kibuyu chake hakiwezi kuishika.

Kisha zikaja barabara na reli. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwaka 1965, Zambia ilikosa njia salama ya kusini, na malori yakaanza kupita Tunduma usiku na mchana katika barabara mbovu mpaka ikatiwa lami. Wachina wakajenga TAZARA kuanzia 1970, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa mwaka 1976. Mafundi wa Kichina walilima bustani za mboga kando ya kambi zao, na wenyeji waliona kwa macho matuta yaliyonyooka, maji ya ndoo na majani mapana ambayo huiva kabla ya mwezi wa pili. Leo hakuna genge Tunduma lisilouza chainizi, na jina lenyewe linasema. Malori nayo yalileta wanaokula. Dereva anayengoja foleni ya mpakani siku tatu anataka wali na mboga, na mama mwenye tuta la chainizi ana fedha ya kanga kabla ya mumewe hajarudi kazini.

Katika miaka hiyo hiyo, kati ya 1973 na 1976, nchi nzima ilihamishiwa katika vijiji. Shule na zahanati zilikaribia, hilo hatulikanushi. Lakini nyumba iliyohamishwa iliacha nyuma jaa lake la samadi na kichaka kilichokuwa kikijiotea mnavu na mchicha bila kupandwa, na hivyo haviwekwi kwenye gari.

Mbegu za kopo zikaendelea kuwa nyingi, na si zote mbaya, tuseme haki. Mwaka 1997 zilitolewa tungule mbili ambazo wakulima wengi wanazijua, Tanya na Tengeru 97, kutokana na kazi ya watafiti wa Tengeru, Arusha. Hizi si chotara. Ukikausha mbegu zake, watoto wanafanana na mama. Zile zetu zilizotuaibisha zilikuwa chotara, ambazo pakiti yake huandikwa F1. Chotara ni mtoto wa wazazi wawili waliochaguliwa kwa makusudi. Kizazi cha kwanza kinakuwa na nguvu na kinalingana, kizazi cha pili kinatawanyika, kila mmoja anamfuata babu yake. Hakuna uchawi. Ila muuzaji hakutuambia, na sisi hatukujua kuuliza.

Na tangu Sheria ya Mbegu ya 2003, mbegu inayouzwa dukani inatakiwa iwe imethibitishwa na TOSCI. Tafuta lebo yao kwenye pakiti, na utazame tarehe. Duka moja hapa mjini lilituuzia karoti zilizopitwa na wakati, zimekaa dirishani juani hatujui tangu lini. Hazikuota hata moja, na fedha haikurudi.

Sasa kwako wewe bi harusi unayejiandaa kuja bara, au uliyekwisha fika na unatazama ule uwanja wa nyuma.

Anza katikati ya Agosti. Tungule, kabichi na chainizi zianzie kwenye kitalu, hata boksi la mbao au ndoo iliyotobolewa chini inatosha. Changanya udongo mweusi na samadi iliyooza kabisa, kwa maana mbichi huunguza. Fukia mbegu kwa kina cha mara mbili au tatu ya unene wake, si zaidi. Kabichi hutokeza baada ya siku 4 hadi 7, tungule siku 6 hadi 10, na karoti, ambazo hupandwa pale pale zitakapokulia, huweza kukusubirisha wiki mbili. Usikate tamaa ukazifukua. Sisi tulizifukua.

Mwagilia asubuhi, kidogo. Wengi wanaoanza huua miche kwa mapenzi, maji asubuhi, mchana na usiku, kisha unaamka unakuta imelala shina limelegea kwenye usawa wa udongo. Huo ni ugonjwa wa kinyausi, na unapenda unyevu na msongamano. Punguza maji, ng'oa miche iliyobanana, iache ipate hewa. Wiki ya nne au ya tano pandikiza jioni, jua likishapoa, na tandaza nyasi kavu juu ya tuta.

Kunde na maboga mwachie bibi jirani akuelekeze, na umngojee mpaka mvua ya kwanza. Ukienda kwake usiende mikono mitupu. Sukari nusu kilo inatosha, na umwite Bibi, usimwite kwa jina. Muulize mbegu zake zilitoka kwa nani. Wetu alitutajia mama yake, na mama wa mama yake, upande wa Nakonde. Tukamuuliza atamwachia nani. Akasema mabinti zake wako Mbeya na Dar, mboga wananunua. Tuliyabeba majibu hayo mpaka nyumbani.

Mbegu za Tanya kuzitunza ni kazi ndogo. Kamulia tungule iliyoiva vizuri ndani ya glasi, acha siku mbili au tatu mpaka ule ute uchachuke, suuza, anika kwenye sahani kivulini, kisha weka kwenye kichupa kikavu chenye kifuniko. Andika jina na mwezi. Sisi tunatumia vichupa vya manukato vilivyokwisha, na tumegundua lazima vioshwe sana, vinginevyo kabati zima linanukia rihi na panya hawaogopi.

Kuna mboga moja tuliyoibakiza makusudi. Katika Sahihi Bukhari, Sahl bin Sa'd (RA) amesimulia habari ya mwanamke wa Madina aliyekuwa akipanda silqi pembezoni mwa mfereji wa shamba lake. Kila Ijumaa aling'oa mizizi yake, akaitia chunguni pamoja na shayiri, na Masahaba wakitoka msikitini walipita kwake kumsalimu na kula, hata wakawa wanaitamani Ijumaa kwa ajili ya chakula hicho. Jina la mama huyo halikutajwa. Silqi ni ndugu wa ile mboga ya majani mapana na mabua meupe ambayo magengeni Tunduma inaitwa spinachi.

Mbegu yake ni kama kokwa dogo lenye makunyanzi, na ndani yake zimo mbegu zaidi ya moja, kwa hiyo usishangae shimo moja likitoa miche mitatu. Iloweke maji usiku kucha, panda Agosti, acha mche mmoja kila kiganja na nusu. Baada ya wiki saba au nane unaanza kuchuma majani ya nje, na unaendelea kuchuma miezi. Sisi yetu iko karibu na bomba, na mwaka huu tumehesabu Ijumaa kumi na moja tumepika bila kwenda gengeni.