Mrembo wa Mto Pangani mwenye jina la Kilatini

Wadau, leo tunamwongelea mrembo ambaye hayupo Instagram. Kwao ni bonde la Mto Pangani, ule mto unaopita Korogwe na Hale kabla ya kumwaga maji baharini pale Pangani mjini. Ni samaki. Mdogo mno, sentimita tano hafiki, na ana wekundu wake fulani hivi. Mwaka 1980 mtaalamu wa samaki, R. G. Bailey, alimwandika rasmi kwenye jarida la makumbusho ya viumbe ya London, akamwita Barbus venustus. Hilo neno la pili ni Kilatini na maana yake ni mrembo, ukoo mmoja na Venus, mungu wa mapenzi wa Warumi. Yaani alivikwa taji la umiss bila kupanda jukwaani. Barbus nalo linatokana na ndevu, kwa sababu jamaa zake wengi wana sharubu mdomoni. Siku hizi wataalamu wamewahamishia wadogo wa Afrika kwenye jina Enteromius, lakini urembo wake haukuguswa.

Sasa angalia majina ya samaki wengine wa pwani yetu, kuna umbea hapo. Zanzibar kuna kisamaki cha madimbwi, dume lake lina rangi kama khanga mpya. Mwaka 1893 Georg Pfeffer wa Hamburg alimpa jina guentheri, kwa heshima ya Albert Günther wa makumbusho ya London. Ndugu yake wa Tanga alipata la kwake mwaka 1907, baada ya msafara wa Waswidi wa Kilimanjaro wa 1905 na 1906: palmqvisti, jina la ukoo la Kiswidi. Hawa wa madimbwini ni wa ajabu. Kiangazi dimbwi linakauka, wazazi wanakufa wote, mayai yanabaki kwenye tope yakisubiri masika. Ndiyo maana wafugaji wa Ulaya wanaweza kutumiana mayai kwa posta, yakiwa kwenye udongo wenye unyevu tu, na dimbwi la Zanzibar likaanguliwa sebuleni kwa mtu Ujerumani.

Aliyejitahidi kidogo ni Rosemary Lowe, aliyekuwa akifanya utafiti kutoka kituo cha uvuvi cha Jinja. Mwaka 1955 aliandika perege wapya na kuwapa majina ya mahali: korogwe, pangani, jipe. Angalau mtu wa Korogwe akisoma anajiona.

Ila katika orodha hiyo yote hakuna mvuvi hata mmoja, wala mtoto wa kijijini aliyekuwa na tenga. Na mimi siamini kabisa kwamba mgeni anashuka melini Tanga, anajua dimbwi lipi lina samaki gani bila kuonyeshwa na mtu. Aliyeonyesha alilipwa akaenda zake. Aliyeandika yumo kwenye vitabu mpaka leo.

Cha kuchekesha ni sebule zetu. Mtindo wa kutazama samaki kwenye vioo ulishika kasi Uingereza baada ya bustani ya wanyama ya London kufungua jengo lake la samaki mwaka 1853. Umetufikia, na ukikuta tangi Dar au Tanga, ndani kuna samaki wa dhahabu, asili yake China, au gapi wa Amerika ya Kusini. Wa Pangani hayumo.

Na wadogo wa ukoo huu si wasumbufu. Ni wapole, wanataka kundi, sita au zaidi. Ukimweka mmoja peke yake anajificha tu. Tangi la lita 60 na chujio linatosha. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke, na tangi lifanye kazi wiki tatu au nne kabla, bakteria wanaosafisha uchafu wazaliane. Weka mfuniko, wanaruka. Ila usiende kuchota mtoni kwa ndoo: uliza kwanza ofisi ya uvuvi ya wilaya. Na ukichoka na gapi wako, usiwamwage mtoni kamwe. Mto huo tayari una mabwawa ya umeme, Hale na Nyumba ya Mungu tangu miaka ya 1960, una mashamba yanayonywa maji yake, na una perege wa Ziwa Victoria walioletwa na binadamu. Mrembo wa sentimita chache hana pa kukimbilia.

Kama una babu au bibi Korogwe, Hale au Mkomazi, mpigie leo. Muulize utotoni walimwitaje kisamaki mdogo mwekundu wa pembezoni mwa mto, kwa Kizigua, Kisambaa au Kipare, na nani kijijini alikuwa fundi wa kumvua. Jina la samaki na la fundi, andika yote mawili hapo chini.