Shahada ya Jiolojia (Nile Magharibi, Uganda)

Shahada ya jiolojia ni masomo ya ngazi ya kwanza ya chuo kikuu yanayohusu miamba, madini, maji ya ardhini na historia ya dunia kabla ya binadamu. Kwa kijana wa Dadamu, eneo la Ayivu lililo pembezoni mwa Arua huko Nile Magharibi, masomo haya yana kinaya. Huyafuata Kampala, safari ya takriban kilomita 500, na akishafika hukuta miamba ya kwao imemtangulia vitabuni.

Miamba ya nyumbani

Nile Magharibi imekaa juu ya miamba geuzi ya kale sana, hasa naisi: mwamba wenye mistari, mweupe kwa kwatzi na feldispa, mweusi kwa ulanga na madini mengine yenye chuma. Mwaka 1966 wanajiolojia J. V. Hepworth na R. Macdonald walichapisha katika jarida la Nature maelezo ya mikanda ya miamba hiyo kaskazini mwa Uganda. Awamu ya kale zaidi ya kukunjwa na kupikwa kwa miamba waliipa jina la mlima Wati, ulioko Terego, na iliyofuata wakaipa jina la Arua. Vipimo vya baadaye viliipa ya kwanza umri wa karibu miaka bilioni 2.9, na ya pili karibu bilioni 2.6. Wati huohuo, katika masimulizi ya Walugbara, wenyeji wa hapa, ni mlima wa Dribidu, mmoja wa mababu waasisi. Mwenzake Jaki ana mlima wake, Liru, upande wa Koboko. Wataalamu wa ramani waliona mwamba walipoona wenyeji kaburi la babu, na sidhani mmoja anamzuia mwenzake.

Ramani mpya ya nchi nzima, iliyochorwa kwa ushirikiano wa Uganda na Finland na kuelezwa katika kitabu kilichotoka mwaka 2014, ilitumia vipimo vilivyochukuliwa kwa ndege na umri wa madini ya zirkoni kuipanga upya habari hiyo. Mwanafunzi hana budi kujua mpango wa zamani na mpya, kwa kuwa ripoti nyingi bado zinatumia majina ya 1966.

Kuingia chuoni

Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanza kufundisha mjini Arua mwaka 2013, kilianza na teknolojia ya habari. Jiolojia hufuatwa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, ambako idara yake, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, leo inabeba pia masomo ya petroli. Anayependa uchimbaji wenyewe kuliko sayansi ya miamba huenda Chuo Kikuu cha Busitema, kwenye uhandisi wa migodi. Dar es Salaam na Nairobi nako kuna idara za siku nyingi. Kidato cha sita kinadai fizikia, kemia, hisabati au jiografia, kutegemea mchepuo. Nafasi za serikali zinazogawiwa kwa wilaya zimewafaa wanafunzi wa mbali na Kampala, na tangu mwaka 2014 kuna mikopo ya serikali inayotanguliza masomo ya sayansi.

Yanayofundishwa

Mwaka wa kwanza ni wa kutambua: madini kwa ugumu, rangi na mng'ao, kisha mwamba wenyewe. Baadaye huja hadubini. Kipande cha mwamba husuguliwa hadi unene wa milimita 0.03, mwanga upite, na feldispa iliyoonekana kijivu mkononi ikajitokeza kwa michirizi yake.

Lakini shahada hii hupimwa uwandani. Mwanafunzi hupewa eneo, nyundo, dira yenye kipimo cha mteremko, lenzi ya kukuza mara 10 na daftari. Kwenye kila jabali hupima uelekeo wa mistari ya naisi na pembe inayozama nayo, akaandika, akasogea jingine. Vipimo vikishakuwa vingi ndipo mkunjo uliofichwa chini ya mashamba unapoonekana kwenye karatasi. Anayerukia jibu kabla ya vipimo hujulikana haraka, maana ramani yake haikubaliani na ardhi.

Kazi

Mafuta yaliyothibitishwa Bonde la Albert mwaka 2006 yalivuta vijana wengi katika fani hii. Nile Magharibi haikubahatika: visima vilivyochimbwa eneo la Rhino Camp kati ya 2009 na 2012 havikutoa mafuta ya biashara. Dhahabu iko ng'ambo ya mpaka. Mgodi wa Kibali, ulioanza kuzalisha mwaka 2013 nchini Kongo, uko karibu kilomita 150 magharibi mwa Arua.

Kazi iliyo karibu zaidi ni maji. Naisi ngumu haishiki maji. Yanakaa katika tabaka la juu lililooza na katika nyufa, hivyo kisima kimoja hutoa maji na cha jirani, mita chache tu pembeni, kikatoka kikavu. Mwanajiolojia hupigilia vyuma ardhini, akapitisha umeme, akasoma ukinzani: mwamba mzima huukataa umeme, ulioloa huupitisha. Mtego ni mfinyanzi, nao huupitisha vizuri lakini hautoi maji, na hapo ndipo ujuzi wa kusoma ardhi kwa macho unapolipa. Wakimbizi wa Sudan Kusini walipofurika mwaka 2016 na kuendelea, makazi ya Bidibidi, Rhino Camp na Imvepi yalitegemea malori ya maji kwa muda mrefu, njia ya gharama kubwa mno, huku visima vikitafutwa.

Lipo pia jiwe lenyewe. Kokoto zinazopondwa kwa mikono kando ya barabara, mara nyingi na kina mama, na murram ya kutandika njia, ni madini ya ujenzi yasiyo na sifa magazetini. Sheria ya Madini ya mwaka 2022 imewatambua wachimbaji wadogo, na watahitaji washauri.

Kwa hiyo kijana wa Dadamu anayekusudia kurudi nyumbani baada ya shahada achague kwanza maji ya ardhini na jiofizikia. Mafuta ayaweke nafasi ya pili.