Leza Ikifa, Gemu Inabaki ya Nani?

Kitu cha kwanza kufa kwenye konsoli ya zamani huwa ni leza. Si prosesa, si padi, si hata ile waya ya umeme uliyoifunga na selotepu. Prosesa haisogei, inakaa pale tu umeme ukipita. Draivu ya diski ndiyo yenye mota, gia za plastiki, reli na jicho dogo la leza ambalo hufifia kadiri unavyocheza. Miaka 25 ikipita, hilo jicho linaanza kukataa diski moja, kisha tatu, kisha zote. Konsoli ni nzima, diski haina hata mkwaruzo, na bado huchezi.

Sasa kuna wasee waliokaa chini wakatengeneza bodi ndogo ya kuziba hilo pengo. Unatoa draivu yote, unachomeka bodi mahali pake, unaweka kadi ya SD yenye faili za diski zako. Konsoli inauliza kama kuna diski. Bodi inajibu ipo. Konsoli inaomba muziki au ramani ya kiwango kinachofuata, bodi inaitoa kwenye kadi na kuituma kana kwamba kuna kitu kinazunguka mle ndani. Kwa kifupi zinaitwa ODE. Wengi wakiziona, neno la kwanza mdomoni ni "wizi". Mimi naona ni hadithi ya kufuli lililowekwa mahali pabaya, na ndio uelewe lazima turudi 1994.

Tarehe 3 Desemba mwaka huo, Sony walitoa PlayStation ya kwanza kule Japani. CD ilibeba vitu vingi na ilikuwa rahisi kutengeneza kuliko katriji. Shida ni moja: CD pia ni rahisi kunakili. Kwa hivyo Sony walitafuta kufuli, na kusema kweli lilikuwa la akili. Upande wa katikati wa diski halali, mfereji ambao leza inaufuata ulichongwa ukiyumbayumba kidogo sana, na ule myumbo ulibeba herufi nne: SCEI kwa Japani, SCEA kwa Marekani, SCEE kwa Ulaya. Konsoli ikizisoma, gemu inawaka. Mashine ya kuchoma CD nyumbani haiwezi kuchonga huo myumbo, kwa sababu diski tupu huja na mfereji wake tayari. (Ile rangi nyeusi chini ya diski za PS1 haikuwa kufuli, licha ya vile watu walivyokuwa wakiapa. Leza inapita tu.)

Hapo ndipo neno "kuchipu" lilitoka. Chipu ya fundi haikufanya miujiza yoyote. Ilinong'onezea konsoli zile herufi nne, nayo ikaamini imeziona.

Lakini angalia vile mambo yalivyopangwa. Kitambulisho cha gemu hakikukaa kwenye data ambayo unaweza kuihifadhi. Kilikaa kwenye umbo la plastiki ya diski, na wa kukisoma alikuwa ni leza. Na leza ya PS1 za kwanza ilikuwa na matatizo yake: ilitembea kwenye reli ya plastiki, tena karibu na pawasaplai yenye joto. Reli ikilika, video zinakatakata, ndio maana kuna watu wazima leo ambao utotoni walicheza konsoli ikiwa imepinduliwa chini juu. Walikuwa wanaisaidia leza kukaa sawa. Baadaye Sony walihamisha leza mbali na lile joto na kubadilisha plastiki. Kwa mamilioni ya mashine zilizokuwa zimeshauzwa, too late, buda.

Sega walienda mbali zaidi. Saturn ilitoka Japani Novemba 22, 1994, siku chache kabla ya PlayStation. Kufuli lake lilikuwa pete maalum kwenye ukingo wa nje wa diski, na kazi ya kukagua diski ilipewa prosesa yake pekee, SH-1, yenye programu iliyofungiwa ndani ya chipu yenyewe. Kwa miaka zaidi ya 20 hakuna aliyeweza kuichungulia vizuri. Kulikuwa na bodi kama Rhea na Phoebe ambazo ziliingia mahali pa draivu, lakini mlango wenyewe ulibaki umefungwa. Hadi 2016, mhandisi mmoja anaitwa James Wah akajitokeza na kueleza hadharani kwamba ameitoa ile programu ndani ya chipu, ameisoma, na amepata njia. Njia yenyewe ilikuwa nyuma ya konsoli, kwenye tundu ambalo Sega walilitengenezea kadi ya kuchezea Video CD. Kupitia pale unaweza kulisha mfumo wa diski data yako bila hata kufungua skrubu moja. Kifaa alichokitengeneza kinaitwa Satiator.

Mimi hupenda hiyo sehemu kuliko zote. Wameweka mlinzi langoni miaka ishirini na kitu, kumbe dirisha la jikoni lilikuwa wazi.

Na si mchezo tu wa kushinda kampuni. Saturn ina gemu inaitwa Panzer Dragoon Saga, ya 1998, diski nne, na haijawahi kutolewa tena kwenye mashine nyingine yoyote. Ukitaka kuicheza kwa njia halali ni diski ile ile ya zamani, ambayo bei yake sitaki hata kuitaja, ndani ya konsoli ile ile ya zamani, ikisomwa na leza ile ile ya zamani. Hizo tatu zikikosana, kazi ya watu miaka kadhaa imeisha.

Twende Dreamcast, konsoli ya mwisho ya Sega, Japani Novemba 27, 1998 na Marekani Septemba 9, 1999. Safari hii Sega na Yamaha walitengeneza diski yao wenyewe, GD-ROM, inayobeba karibu gigabaiti 1 wakati CD ya kawaida ni megabaiti 700. Mantiki ilikuwa safi: huwezi kunakili kitu ambacho hakitoshei kwenye CD. Halafu wakajiangusha wenyewe. Waliruhusu konsoli isome aina nyingine ya diski, MIL-CD, ya muziki wenye vitu vya ziada ndani. Diski chache mno za hiyo aina ziliwahi kuuzwa. Lakini mwaka 2000 wasee wakagundua kwamba kupitia mlango wa MIL-CD, konsoli inawasha gemu kutoka CD ya kawaida, bila chipu, bila fundi. Gemu ikiwa kubwa, waliibana: wanashusha ubora wa muziki, wanakata video. Januari 31, 2001, Sega walitangaza wanaacha kutengeneza Dreamcast. Wizi pekee haukuiua, na mtu akikuambia hivyo muulize kuhusu deni la Sega na kuhusu PS2. Lakini haukuisaidia.

Sasa fikiria ukweli huu mchungu. Baada ya Sega kutoka, hakuna anayetengeneza draivu za GD-ROM tena. Zilizopo ni zilizopo. Ndiyo maana GDEMU ilipokuja, bodi ya mtu mmoja anayejiita Deunan, yule yule wa Rhea na Phoebe, watu waliing'ang'ania. Haihitaji kuchomelea. Unafungua skrubu, unainua draivu, unabonyeza bodi kwenye soketi ile ile. Gemu zinakaa kwenye folda zenye namba: 01, 02, 03. Na zinakaa nzima, kama zilivyotoka kiwandani, si zile zilizokatwa video. Kuna kasoro moja watu husahau: umeme wa volti 12 uliokuwa ukizungusha mota unakosa kazi, na pawasaplai inapata joto kuliko kawaida, kwa hivyo wengine huongeza rezista ya kuupunguza.

Deunan alizitengeneza kwa awamu ndogo ndogo, ukichelewa umekosa. Mara viwanda vya Uchina vikazinakili, bei chini, kila mahali. Hapo ndipo mimi naona wizi usio na kona. Mtu mmoja ametoa jasho kuokoa mashine iliyoachwa na kampuni yake, halafu anaibiwa na watu ambao hawajaongeza hata nukta.

Usifikiri hii ni hadithi ya Wajapani na wazungu wenye pesa za kukusanya vitu. Mimi nimezaliwa Dreamcast ikiwa imeshazikwa, na hapa Kenya ni wachache waliowahi hata kuishika. Yetu ilikuwa PS2 kwenye kibanda cha mtaa, unalipa kwa mechi, foleni ya watoto nyuma yako wakikuhesabia dakika. Leza zilikufa pale pia, tena haraka, kwa sababu mashine haikuwa ikilala. Fundi akaanza kuweka programu kwenye memori kadi, Free McBoot na Open PS2 Loader, gemu zikahamia kwenye flashi. Mlango wa USB wa PS2 ni wa zamani na ni polepole, kwa hivyo video za mwanzo zinakwama kwama, lakini mechi inaanza. Hakuna aliyeiita hiyo kazi uhifadhi wa historia. Ilikuwa biashara ya siku. Ila PS2 ngapi zingekuwa kwenye jaa la taka bila yule fundi?

Sitakudanganya kuhusu upande wa pili. Kadi ya SD yenye gemu 300 ambazo hujanunua hata moja si makumbusho. Ukiwa na diski yako, nakala yako ni kitu kimoja. Ukipakua maktaba nzima ya gemu ambazo bado zinauzwa, hicho ni kitu kingine na unakijua. Shida ni kwamba nyingi haziuzwi. Mwaka 2023 Video Game History Foundation ya Marekani ilitoa utafiti: asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka nchini humo hazipatikani tena sokoni. Oktoba 2024, ofisi ya hakimiliki ya nchi hiyo hiyo ilikataa ombi la kuruhusu maktaba na hifadhi zifungulie watafiti gemu hizo kwa mbali. Yaani huuziwi, na maktaba haikuletei. Umebaki na leza yako.

Ndio maana sicheki nikisikia watu wakisema draivu ni mambo ya wazee. PS5 Pro ilitoka Novemba 2024 bila draivu, ukitaka unanunua kando. Na draivu hiyo ya kuchomeka, ambayo ilianza na PS5 nyembamba ya 2023, ukiifunga mara ya kwanza lazima konsoli iingie intaneti na kuitambulisha kwa Sony. Siyo gemu, ni draivu yenyewe. Diski yako mkononi, draivu mpya kwenye boksi, na bado kuna seva mahali inayotakiwa kusema ndiyo. PS1 ilidai herufi nne tu zilizochongwa kwenye plastiki, na hizo hazijawahi kuzimwa na mtu yeyote.

Kama kuna Dreamcast au Saturn kwenu na unapanga kuweka bodi, draivu ya zamani usiitupe hata kama imekufa. Ifunge kwenye gazeti, andika imetoka kwa konsoli gani, weka juu ya kabati. Gia zake zinaweza kufufua ya mtu mwingine.